Nimeombwa niwe baba wa ubatizo, na mimi sijui kama Mungu yupo. Naweza kusema "nasadiki"?

Darubini (Muheza)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu, maana jambo hili linanikosesha usingizi.

Dada yangu amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, baada ya kuhangaika kwa miaka mingi. Ubatizo umeshapangwa na mimi ndiye niliyeombwa kuwa baba wa ubatizo. Baba yetu ni marehemu na mjomba wa mtoto ni mimi peke yangu, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyewaza mtu mwingine. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimekuwa mtumishi wa altare utoto wangu wote. Maswali nitakayoulizwa mbele ya watu nayajua: kama namkataa Shetani, kama namsadiki Mungu Baba Mwenyezi, Mwumba wa mbingu na dunia. Jibu linalosubiriwa nalo nalijua.

Shida ni kwamba sijui kama Mungu yupo. Sisemi hayupo. Nasema sijui, na nikijikagua usiku nikiwa peke yangu jibu linabaki hilohilo.

Kazi yangu ni maabara. Mtu analetwa na homa, tunamtoboa kidole, tunaweka tone nene la damu kwenye kioo, likikauka tunalipaka rangi ya Giemsa, halafu naliangalia kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Tulifundishwa kwamba huruhusiwi kutoa jibu la kutokuwepo kitu mpaka uwe umepitia angalau sehemu 100 za kioo kile. Na hata ukishazipitia zote, huandiki "hana malaria". Unaandika kwamba vimelea havikuonekana. Mwenye kazi hii anajua kwa nini. Vimelea vya falsiparamu, aina kali ya malaria, vikikomaa hujibanza kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani, damu ya kidoleni ikaonekana safi huku mgonjwa anazidiwa. Nimezoea kutosema zaidi ya nilichokiona, na mazoea hayo yameingia nami hadi kanisani.

Nikisimama pale nikasema "nasadiki", naona kama nitakuwa nimesaini majibu ya kioo ambacho sijakisoma. Na siyo kioo changu, ni cha mtoto.

Rafiki niliyesoma naye chuo ananiambia mimi ni agnostiki, yaani mtu anayesema hajui kama Mungu yupo. Mama mdogo, aliposikia tu, akasema nimekuwa mpagani. Mimi nataka kuelewa jambo moja kwanza: kujua na kuamini ni kitu kimoja au ni viwili? Kwa sababu kama ni kimoja, basi siwezi kusimama pale na habari imeishia hapo. Kama ni viwili, mtu asiyejua anaamini kwa haki gani?

Jirani wa Umoja (Nairobi)

Darubini, hongera kwa mpwa. Niseme wazi tangu mwanzo kwamba mimi siamini Mungu. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliojitaja kuwa hawana dini, na mimi nimo humo. Kwenu Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo mtu wa aina yako hana hata takwimu ya kumwonyesha kwamba wako wenzake.

Swali lako lina jibu. Ni vitu viwili. "Unajua kama Mungu yupo?" ni swali kuhusu ushahidi ulio nao. "Unaamini kwamba yupo?" ni swali kuhusu wewe mwenyewe leo hii. La kwanza unaweza kulijibu "sijui" na ukalala. La pili halijibiwi hivyo, kwa sababu imani yako ama ipo ama haipo, na wewe ndiye wa kuangalia. Wapo wanaosema sijui na wanaamini. Wapo wanaosema sijui na hawaamini, na mimi ni wa kundi hilo. Uagnostiki siyo kiti cha katikati kati ya muumini na asiyeamini. Watu wengi wanajificha hapo.

Na kuhusu haki ya kuamini. Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Clifford, alieleza habari ya mwenye meli aliyekuwa anasafirisha wahamiaji. Meli ilikuwa kuukuu na watu walishamtia wasiwasi. Akajituliza moyo: imeshavuka bahari mara nyingi, Mungu hawezi kuziacha familia hizi. Akaiaga kwa moyo mweupe, ikazama katikati ya bahari, naye akapokea bima yake. Clifford anasema yule bwana aliamini kwa dhati kabisa na bado ana hatia ya wale watu, maana kwa ushahidi uliokuwa mbele yake hakuwa na haki ya kuamini. Anaongeza kwamba hata meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile.

Mtoto huyo ndiye abiria wako. Usisimame. Mpende mpwa wako kama mjomba, mlipie ada akikua, lakini usiapie usichokijua.

Mwalimu wa Njombe

Mwanangu Darubini, na wewe Jirani, nimewasoma zaidi ya mara moja. Nilifundisha falsafa seminarini, baadaye sekondari, na sasa nimestaafu, nalima parachichi. Mniruhusu niandike kwa kirefu kidogo kwa sababu jambo hili nimeishi nalo.

Jirani amesema kweli pale alipotenganisha maswali. Aliposema "usiapie usichokijua" akayaunganisha tena, bila kuonyesha kwa nini. Huyo mtoto hatabatizwa kwa kiapo cha kujua. Padre hatakuuliza "unajua?"

Thoma wa Akwino, aliyefariki 1274, alilichukua swali lako hilihili na jibu lake huwashangaza hata Wakatoliki. Anasema mtu mmoja hawezi kukijua na kukisadiki kitu kilekile kwa wakati mmoja na kwa upande uleule. Kinachoonekana, ama kwa macho ama kwa hoja iliyothibitika, akili inakikubali kwa sababu haina njia nyingine. Kisichoonekana akili haivutwi nacho hivyo. Ikikikubali, ni kwa sababu nia ya mtu imeisukuma ikubali. Hapo ndipo imani inapokaa. Kwa hiyo kwa Thoma "sijui" yako haikufungii mlango wa kusadiki. Ungekuwa unajua, kusadiki kusingekuhusu.

Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo unapotakiwa kuwa mkali na nafsi yako. Anatofautisha imani na maoni. Mwenye maoni anaegemea upande mmoja huku akihofu kwamba huenda upande wa pili ndio wa kweli. Mwenye imani hajaona, lakini ameshika. Kwa hiyo swali langu kwako siyo kama umeona. Nakuuliza kama umeshika chochote. Hilo sisi huku hatuwezi kukujibia.

Sasa nizungumzie hilo jina la agnostiki ulilopewa na rafiki yako, maana lina mwenyewe, na mwenyewe huyo watu wengi wanamdhania vibaya. Thomas Huxley, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, ndiye aliyelitunga mwaka 1869, wakati kilipoanzishwa chama cha mijadala London alichojiunga nacho. Ndani ya chama kile alikuwemo Askofu Mkuu Manning wa Kanisa Katoliki na mshairi Tennyson, kila mtu na msimamo wake wenye jina. Huxley akajiona hana jina la kwake, akajitungia. Ukimsoma kijuujuu utadhani ni mtu wa kubishana na mapadre tu. Kweli alibishana, na kiangazi cha 1860 pale Oxford alikabiliana hadharani na Askofu Wilberforce juu ya nadharia ya Darwin ya mageuzi ya viumbe.

Miezi michache baada ya mjadala ule, Septemba mwaka uleule, mwanawe wa kwanza, Noel, alikufa kwa homa nyekundu. Hakuwa ametimiza miaka minne. Rafiki yake Charles Kingsley, kasisi wa Kianglikana, alimwandikia barua ya kumfariji na kumkumbusha matumaini ya uzima baada ya kifo. Tarehe 23 Septemba Huxley akamjibu, na jibu lile mimi nilikuwa nawasomea vijana darasani neno kwa neno.

Anasema kwamba uzima wa milele wa mwanadamu yeye haukani na wala haukubali. Haoni sababu ya kuuamini, na hana njia ya kuukanusha. Halafu anasimulia maziko. Alikuwa amesimama nyuma ya jeneza dogo, akili yake haiko kwenye ubishi wowote, na mchungaji akasoma, kama sehemu ya ibada, yale maneno ya Paulo kwa Wakorintho: kama wafu hawafufuki, basi tule na tunywe, kwa kuwa kesho tutakufa. Huxley anasema maneno yale yalimshtua kuliko anavyoweza kueleza. Kwa sababu mwanangu amekufa na sina uhakika nitamwona tena, ndiyo niutupe utu wangu nigaegae kama mnyama? Anasema hata nyani wana akili kuliko hivyo: ukiwapigia risasi watoto wao, huomboleza mpaka huzuni iishe.

Sijapata kukutana na mkristo aliyenisaidia kulielewa fungu lile la Paulo kuliko mtu huyu asiyesadiki. Ninamheshimu sana. Alikuwa kwenye saa ambayo mtu yeyote angesamehewa kushika faraja yoyote, na hakutaka kushika isiyo yake. Wewe na kioo chako ni ndugu zake.

Lakini tazama na upande wa pili wa barua hiyohiyo. Anataja vitu vilivyomwongoza kutoka ujana wa ovyo: kugundua kwamba mtu anaweza kuwa na hisia ya kina ya dini bila teolojia yoyote, sayansi, iliyompa mahali pa kupumzika pasipotegemea mamlaka wala mapokeo, na upendo, uliomfunulia utakatifu wa ubinadamu na kumpa mzigo mzito wa wajibu. Hayo ya mwisho hakuyapima maabara. Hakuna kioo kinachoonyesha kwamba binadamu ni kitu kitakatifu. Aliyashika, akaishi nayo, akalea nayo watoto wengine. Simlaumu hata kidogo. Nataka tu uone kwamba hata yule aliyekataa kuvuka mstari wa ushahidi alikuwa na kitu alichosimamia ambacho ushahidi wa namna ile haukumpa.

Kuhusu Kanisa. Mwaka mmoja baada ya Huxley kutunga neno lake, tarehe 24 Aprili 1870, Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika, kwa mwanga wa asili wa akili ya binadamu, kutokana na vitu vilivyoumbwa. Ukisoma vizuri, umesema *anaweza*. Haukusema kila mbatizwa ameshamjua hivyo. Kwa hiyo anayesema "hakuna binadamu awezaye kujua kamwe" amegongana na Mtaguso. Anayesema "mimi mpaka leo sijajua" ameeleza hali yake tu, na hali hiyo wamepitia watakatifu.

Na la kivitendo, kwa kuwa siku zinakwenda. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 872 hadi 874: msimamizi mmoja anatosha, awe wa kiume au wa kike, au wawe wawili mmoja wa kila jinsia. Awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na Ekaristi, na maisha yake yaendane na imani na jukumu analolipokea. Hakuna sharti la kufaulu mtihani wa falsafa. Lakini jukumu lenyewe ni la kweli: kumsaidia mtoto aishi ubatizo wake. Akija na miaka kumi akakuuliza "mjomba, Mungu yupo?", utamjibu nini? Anza na swali hilo, la padre litajijibu.

Binti wa Ng'ambo (Unguja)

Assalaam alaykum nyote. Mwalimu shikamoo. Mimi ni Mwislamu, nasomesha madrasa, na sikukusudia kuingia kwenye mambo ya ubatizo, lakini swali la mleta mada ni letu pia.

Kwa heshima zote, Mwalimu, mimi sikubali kwamba ukijua huamini tena. Katika vitabu vya tauhidi, elimu ya kumpwekesha Mungu, tunavyosomeshwa, Ummul Barahin ya Imamu Sanusi kwa mfano, jambo la kwanza linalomlazimu mtu mwenye akili timamu ni kumjua Mola wake kwa dalili. Anayeamini kwa kufuata wazazi tu bila dalili yoyote, maulamaa wamekhitalifiana juu ya imani yake: wapo waliosema inasihi, wapo waliosema inasihi lakini ana dhambi akiwa aliweza kutafakari, na wapo waliokuwa wakali zaidi. Dalili inayotakiwa si ile ya wanachuoni. Bibi asiyejua kusoma, anayeangalia mbingu na kujua kwamba havikujileta vyenyewe, ametimiza. Kwa hiyo kwetu ujuzi na imani havisukumani mlangoni. Ujuzi ndio unaoishika imani isianguke.

Lakini Darubini, usidhani nakufukuza. Katika Suratul Baqarah, aya ya 260, Nabii Ibrahim, ambaye dini zetu zote zinamwita baba, alimwomba Mola wake amwonyeshe vipi anavyofufua wafu. Akaulizwa: kwani huamini? Akasema naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Hakukemewa. Akaamrishwa achukue ndege wanne. Ikiwa khalilullah, kipenzi wa Mungu, aliomba kuonyeshwa, kuna aibu gani kwako kuomba? Na yakini yenyewe ina daraja. Suratut Takaathur imetaja yakini ya kujua na yakini ya kuona kwa jicho, na Suratul Waaqi'ah ikataja haki ya yakini. Mtu anapanda.

Aya nyingine nakupa kwa sababu inahusu hasa ulimi unaotangulia moyo. Suratul Hujuraat, ya 14. Mabedui walisema tumeamini. Wakaambiwa: hamjaamini, bali semeni tumesilimu, maana imani haijaingia bado nyoyoni mwenu. Lakini aya haikuishia hapo. Wakaambiwa wakimtii Allah na Mtume wake, hakitapunguzwa chochote katika amali zao. Walirekebishwa kauli, na mlango ukaachwa wazi. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta kauli iliyo sawa na kilichomo moyoni, nikabaki pale pale mlangoni.

Kuna shaka ya mtafutaji na kuna shaka ya mtu aliyehamia humo na kutandika kitanda. Mwenyewe unajua yako ni ipi.

Mama Neema (Moshi)

Mimi sijui falsafa. Mwanangu ana selimundu. Nimelala naye wodini usiku ambao sikuwa na hakika ya jambo lolote hapa duniani, si dawa, si daktari, si Mungu. Niliomba hivyo hivyo.

Yule baba wa Marko sura ya 9, mwenye mtoto aliyekuwa anaangushwa motoni na majini, hakuulizwa kama anajua. Alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Vyote viwili kwa pumzi moja, na mtoto akaponywa. Mimi sala yangu imebaki hiyo, sijaipata iliyo ya kweli zaidi. Wangu hajapona, na bado naisema.

Kaka, huyo mtoto wa dada yako anahitaji mtu ambaye hatamdanganya. Nadhani ndiyo sababu dada yako alikuchagua wewe.

Darubini (Muheza)

Asanteni sana. Mwalimu shikamoo, na dada wa Unguja nashukuru kwa ile aya ya 14, nimeinakili kwenye daftari. Mama Neema, Mungu ampe nguvu mtoto. Nimeandika sentensi hiyo bila kufikiri na nimeiacha kama ilivyo.

Jirani, nataka nikujibu kwanza wewe, maana hoja yako ndiyo inayonibana. Kioo kisichoonyesha kitu kina thamani pale tu ambapo vimelea, kama vingekuwepo, ningetarajia kuviona. Kama kioo kimepakwa rangi vibaya, au mgonjwa ameshameza dawa, kutokuona kwangu hakuna maana. Daktari anayejua kazi yake, homa ikiendelea, anaagiza tupime tena. Kwa hiyo nikisema "sijamwona Mungu" lazima kwanza niulize: kama yupo, nilitarajia kumwonea wapi? Kwa lenzi gani? Sijawahi kujiuliza hivyo kwa utulivu mpaka jana usiku.

Jirani wa Umoja (Nairobi)

Hoja nzuri, na naikubali kabisa. Sasa ifuatilie mpaka mwisho. Mungu anayehubiriwa kwenye ubatizo huo ni baba mwenye upendo, mwenye uwezo wote, anayetaka watoto wake wamjue. Mungu wa namna hiyo ningetarajia kumwona. Kama angekuwa nguvu fulani ya mbali isiyotujali, basi ukimya wake usingenipa habari yoyote. Lakini baba anayetafutwa na watoto wake usiku wodini hajibanzi kwenye mishipa midogo. Nimetafuta kwa machozi kabla sijaacha, ndugu yangu. Sikuacha kwa kiburi.

Mwalimu wa Njombe

Jirani, hiyo ndiyo hoja kali kuliko zote dhidi yetu na sitakuhadaa kwamba nina jibu la kuifuta. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonyesha kwamba kwa miongo mingi hakusikia chochote ndani yake isipokuwa giza, na aliendelea kuamka alfajiri na kwenda kwa wanaokufa. Wewe utasema ni ushahidi wa upande wako. Mimi naona ni mtu aliyeshika bila kuona. Tukio ni moja, tunalisoma kwa namna mbili, na wala hujanivunjia heshima. Nimefurahi kwamba ulisema ulitafuta.

Binti wa Ng'ambo, umenisahihisha mahali pazuri. Hata Thoma anakubali kwamba kuwepo kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa kwa hoja, na kwamba asiyeifikia hoja anaweza kulipokea jambo hilohilo kwa imani. Kwa hiyo mlango wa ujuzi kwetu pia upo. Nilikazia upande mmoja kwa sababu ndio uliokuwa unamuumiza mleta mada.

Darubini, hujanijibu. Umeshika nini?

Darubini (Muheza)

Mwalimu, nimelikwepa kwa sababu jibu langu ni dogo. Sijashika kwamba Mungu yupo kwa namna ninavyoshika kwamba rangi ya Giemsa ikikaa muda mfupi mno kiini hakitaonekana. Lakini siyo kwamba nimesimama katikati kabisa. Nilipomzika baba nilisema maneno fulani kaburini, na sikuyasema kwa udongo. Bado naenda kanisani Jumapili ambazo sina zamu na hakuna anayenilazimisha. Kwa lugha yako nadhani hayo ni maoni yenye hofu, bado hayajafika kuwa imani. Natumaini zaidi ya ninavyosadiki. Mtoto akija kuniuliza, nitamwambia hivyo hivyo: natumaini yupo, namtafuta, twende wote.

Kama hiyo inatosha kwa kanuni ya 874 au haitoshi, siyo mimi wa kuamua. Nimempigia dada nikamweleza kila kitu. Alilia kidogo, kisha akasema bora ameambiwa sasa kuliko siku yenyewe. Paroko amekubali kuniona Jumatano baada ya misa ya asubuhi. Shangazi wa mtoto ameombwa awe tayari kusimama peke yake kama mama wa ubatizo ikibidi, na ameshakubali.